Aliyekuahidi Siku Tatu Amekuuzia Nini?

Ijumaa jioni nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, nataka Panadol yangu niondoke. Mbele yangu alisimama binti wa sekondari, sare bado mwilini, kiganja kimefunika shavu. Akasema kwa sauti ya chini anataka dawa ya chunusi. Muuzaji hakuuliza zimeanza lini, hakuuliza anapaka nini kwa sasa, hata uso wenyewe hakuutazama sawasawa. Akavuta droo, akatoa tyubu. "Paka asubuhi na jioni mdogo wangu, siku tatu tu utakuja kunishukuru." Binti akalipa, akaondoka anatabasamu.

Boksi nililisoma, maana lilikaa pale kaunta huku anatafuta chenji. Betamethasoni, klotrimazoli, jentamaisini. Yaani steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki, zote kwenye tyubu moja. Katika hizo tatu hakuna hata moja ambayo ni dawa ya chunusi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwenye siku tatu hakudanganya. Steroidi inazima uvimbe, na inauzima haraka. Kipele kilichokuwa kinauma kinanywea, uso unatulia, tena unaanza kung'aa kidogo kwa sababu rangi imeanza kuchujuka. Jumatatu wenzake watamuuliza anatumia nini, naye atawaelekeza dukani kwa moyo safi kabisa. Baada ya hapo endelea kuhesabu wiki badala ya siku. Ngozi inakuwa nyembamba, malaika yanaota mashavuni, vinatokea vipele vidogo vidogo vinavyofanana kama vimepangwa na rula, na hivyo sasa ni chunusi za steroidi yenyewe. Akiacha kupaka, uso unalipuka vibaya kuliko mwanzo. Akirudia, unatulia. Hebu niambieni, mfanyabiashara anataka mteja gani mwingine zaidi ya huyo?

Na hiyo ni tyubu yenye boksi na majina. Kule Instagram kuna "cream ya chunusi, mzigo mpya umeingia, mikoani tunatuma", kopo jeupe lisilo na hata herufi moja. Humo mara nyingi anayefanya kazi ni klobetasoli, steroidi iliyo katika kundi la zenye nguvu kuliko zote, dawa ambayo daktari akikuandikia anakuhesabia siku na anakukataza usoni.

Sasa najua mtakachonijibu. Dawa ya kweli mlishaijaribu, ikawababua, mkaitupa. Naam. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Wengi ninaowajua walioishia kwenye steroidi walianza na dawa halali kabisa za chunusi. Walinunua benzoili peroksaidi, au adapalini, wakapewa na risiti. Hawakupewa maelekezo. Hakuna aliyewaambia wapake kiasi gani, mara ngapi, wategemee nini wiki ya kwanza. Wakafanya kama tunavyofanya wote: wakapaka nyingi, kila siku, asubuhi na jioni, kwa sababu kichwani tumekaririshwa kwamba dawa ikichoma ndiyo inafanya kazi. Siku ya nne uso umekuwa mwekundu au umeiva, pembeni ya mdomo pamepasuka, maji yakigusa ni kilio. Ndipo shoga yake anamwambia achana na hiyo, kuna tyubu moja inatuliza. Na kweli inatuliza! Steroidi inafika kwenye uso uliounguzwa na dawa sahihi iliyopakwa kijinga, inaonekana mkombozi.

Kwa hiyo kosa la kwanza, kabla hata ya steroidi, ni la yule aliyeuza dawa akabaki na maelekezo yake mdomoni.

Na maelekezo yenyewe wala si elimu ya chuo kikuu. Benzoili peroksaidi inatengenezwa ya asilimia 2.5, ya 5 na ya 10. Mbongo akiziona zimepangwa anachukua ya 10, nani anataka dawa dhaifu? Lakini zilishalinganishwa tangu miaka ya 1980, na kwa vipele vilivyovimba ile ya 2.5 ilifanya kazi sawa na ya 10. Tofauti ilikuwa kwenye kubabua tu. Yaani unaongeza pesa ili uungue zaidi. Anza na ya chini. Ngozi ikiwa laini sana, paka, kaa nayo dakika tano hadi kumi, osha, halafu uongeze muda polepole kadiri uso unavyozoea.

Adapalini ya asilimia 0.1 inapakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere. Moja. Kwa uso mzima, si punje kwa kila shavu. Unanawa kwa sabuni laini (si ya kufulia, jamani, na si ile ya dawa inayonukia hospitali), unajikausha, unasubiri ngozi ikauke kabisa, ndipo unapaka, ukikwepa macho, pembe za pua na pembe za mdomo. Halafu losheni ya kawaida isiyo na manukato makali. Wiki mbili za mwanzo paka leo, kesho pumzika. Ikikausha sana, pumzika siku mbili. Hakuna anayekusimamia na fimbo.

Tena upake uso mzima, au eneo lote linalotoa vipele, usidonoe kipele kimoja kimoja. Hili watu hawalielewi na silaumu, maana linapingana na macho. Chunusi unayoiona leo asubuhi haikuanza leo. Ilianza wiki kadhaa nyuma, kitundu kilipoziba kimyakimya chini ya ngozi ambayo juu ilionekana safi. Adapalini kazi yake kubwa ni kuzuia kule kuziba. Ukidonoa vipele vilivyokwishatoka unakimbizana na walioshuka kwenye daladala wakati wengine wanapanda mlango wa nyuma.

Ndiyo maana inachukua wiki 8 hadi 12. Ndiyo, wiki, na mara nyingine zile za mwanzo vipele huongezeka kabla ya kupungua. Najua unavyoliona hilo mtu mwenye kitchen party Jumamosi ijayo. Lakini huo ndio muda wa dawa, wala haikuwekwa kukukomoa. Haraka haraka haina baraka tumeiachia kanga, tunaivaa kiunoni huku tunaagiza kopo la siku tatu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nishikilie hili la kidogo kidogo, nayo inatuhusu sisi weusi hasa. Ngozi yetu haisahau. Ukiiunguza, ukiikwaruza, ukikamua kipele kwa kucha, inajibu kwa doa jeusi linalokaa miezi. Kipele kilikuwa cha wiki moja, doa lake linasherehekea mwaka mpya na wewe. Kwa hiyo mtu anayepaka benzoili peroksaidi ya asilimia 10 mara mbili kwa siku anaweza kumaliza chunusi akabaki na madoa thelathini. Kisha anaanza kutafuta dawa ya madoa. Na tunajua sote mlango unaofuata ni upi: mkorogo wa kujichubua. Haidrokwinoni, zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda, na bado vinapatikana kirahisi kuliko chenji ya elfu kumi. Binti aliyeanza na vipele vya kubalehe, ambavyo karibu kila mtu huvipata, anafika huko hatua kwa hatua, na kila hatua kuna mtu kachukua pesa yake.

Kwa madoa, kama uso umetulia, kuna asidi ya azelaiki, inasaidia chunusi na madoa kwa pamoja na hata mjamzito anaweza kuitumia. Adapalini mjamzito aiweke kando. Vidonge vya chunusi vya isotretinoini ni habari nyingine kabisa, vinaharibu mtoto tumboni, usivipokee kutoka kwa mtu asiye daktari.

Na jua. Unapaka dawa inayolainisha ngozi usiku, mchana unasimama kituoni saa saba bila kinga yoyote, unategemea nini? Losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga) 30 kuendelea, hata kama wewe ni mweusi tii. Eti hizo ni za wazungu. Pale Moshi kwa miaka sasa wanatengeneza ya kwao, Kilisun, iliyoanzia kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Inachanganywa hapa hapa chini ya Kilimanjaro, na bado sisi wengine tunaamini jua la Afrika linatujua kwa majina.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, na hili liliwahi kutaka kumfukuzisha mtu kazi. Benzoili peroksaidi inachujua nguo. Binamu yangu mmoja, siku hizo yuko chuo, alikuwa anapaka usiku analala. Mama yake akaanza kuona foronya zina mabaka ya rangi ya machungwa, kisha taulo, kisha kanga mpya ya doti iliyotoka kwenye harusi. Akaitwa dada wa kazi. Akaulizwa kwa nini anamwagia jiki nguo za watu. Dada wa watu akaapa, akalia, akaanza kufunga begi. Ikabidi binamu mwenyewe ajitokeze na tyubu yake mkononi, tena si mara moja, maana mama hakuamini dawa ya uso inaweza kufanya hivyo. Laleni na foronya nyeupe. Na osheni mikono.

Vilevile dawa hii isiachwe kwenye gari. Joto linaivunja ikatoa kemikali iitwayo benzini, kitu kisichotakiwa karibu na mwili. Machi 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba imepima bidhaa 95 za aina hii. Nyingi mno zilikuwa salama, chache zikaondolewa sokoni. Kwa hiyo si habari ya kuogopa, ila kwa joto la Dar weka kabatini, si kwenye dashibodi.

Mengine nayapitia haraka, maana kila nikiandika kuhusu ngozi mnaniuliza haya haya. Dawa ya meno: ya meno. Limau: linaunguza, na likikutana na jua ndiyo balaa. Sukari ya kusugulia: unamkwaruza mgonjwa. Vipele vya paji la uso peke yake: angalia mafuta ya nywele kabla hujalaumu chipsi. Vipele vya ndevu baada ya kinyozi mara nyingi ni nywele zinazojikunja kurudi ndani, si chunusi. Antibayotiki ya kupaka kama klindamaisini usiitumie peke yake miezi na miezi, bakteria wanaizoea. Inatakiwa iende na benzoili peroksaidi, ambayo hawajaweza kuizoea.

Nitawapa wauzaji haki yao, ingawa sina hamu. Foleni ni ndefu, mshahara ni mdogo, na kuna wateja ambao ukiwaambia wiki 12 wanakucheka wanahamia duka la pili. Madaktari wa ngozi wako wachache, wengi mijini, na si kila mzazi atalipa nauli kwa sababu ya vipele. Hata wale wa Instagram nina la kuwakubalia, kwa shingo upande: wanajibu meseji saa sita usiku. Wanakuuliza ngozi yako ni ya mafuta au kavu, wanakuita "mpenzi", wanakufuatilia umefikia wapi. Wanafanya kwa sumu kile ambacho mwenye cheti ukutani hafanyi kwa dawa. Mfamasia mwenye koti jeupe anashindwa na mtu anayechanganya krimu kwenye beseni, na anashindwa kwa sababu yule wa beseni anaongea na mteja wake.

Dakika mbili tu zinatosha. Punje ya njegere, siku moja ruka, utakauka kidogo usiogope, rudi mwezi ujao nikuone. Kama mtu anaweza kumwambia mteja "kutwa mara tatu baada ya kula", anaweza kusema na hayo.

Kwa wale mnaosoma hapa na mmeshazama kwenye tyubu za kutuliza, miezi au miaka: msizitupe leo usiku kwa hasira mkabaki wenyewe. Uso utawaka, utaogopa, utarudi dukani asubuhi. Nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili ipo, KCMC ipo, hospitali nyingi za mkoa unaweza kupata rufaa, wakupangie namna ya kuacha na nini cha kupaka katikati. Kama chini ya ile steroidi kulikuwa na fangasi, nayo itabidi itafutwe, maana inajificha humo na kubadilika sura. Na ubebe kopo lenyewe unalotumia, hata kama lebo imebanduliwa. Usilisafishe. Daktari atataka kuona kilichobaki chini.