Liverpool Si Anfield Peke Yake

Ndege aliye kifuani mwa jezi za Liverpool, zile zinazouzwa Kariakoo na Gikomba, ana ndugu zake wakubwa juu ya paa kando ya Mto Mersey. Ni wawili, wa shaba, kila mmoja ana kimo kinachozidi mita 5, na wamefungwa kwa nyaya ili upepo wa bahari usiwang'oe. Mashabiki wetu wanaobahatika kufika Uingereza huenda Anfield, hupiga picha na sanamu ya Bill Shankly, kocha wao wa zamani, hununua skafu, kisha hao wanarudi stesheni. Nawaelewa kabisa. Lakini nasema kwa moyo wote: Mwafrika, hasa mtu wa pwani, akiondoka mji ule bila kutazama kilichochongwa kwenye kuta zake, ameacha sehemu inayomhusu zaidi.

Tuanze na hao ndege. Jengo lao, Royal Liver Building, lilifunguliwa mwaka 1911, na saa zake za mnarani zina nyuso pana kuliko za Big Ben ya London. Fedha zake zilitoka kwenye chama cha kuzikana. Wafanyakazi wa Liverpool walikianzisha mwaka 1850, wakichanga kidogo kidogo ili mwenzao akifa asizikwe kama mtu asiye na watu, jambo ambalo msomaji wa Tanga au Kisumu hahitaji kufafanuliwa. Chama kikakua mpaka kikawa kampuni ya bima, na bima ikasimamisha jengo linaloonekana tangu meli ikiwa bado mbali. Nalipenda jengo lile kwa sababu hiyo tu: limejengwa kwa hofu na heshima ya watu wa chini.

Aliyewabuni ndege ni Carl Bernard Bartels, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza akiwa kijana na kuchukua uraia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alikamatwa kwa asili yake, akawekwa kambini katika Kisiwa cha Man, na vita vilipokwisha akasafirishwa Ujerumani, familia yake ikabaki Uingereza. Ndege wake waliendelea kuwa fahari ya mji uliokuwa nchini ambamo yeye hakutakiwa tena. Ningependa kila anayevaa jezi ile amjue mtu huyu.

Utajiri wa mji huu, ukitaka kuuelewa, anza na maji. Kwetu Mombasa au Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 3 hadi 4. Mto Mersey huzidi mita 8. Chombo kilichotia nanga asubuhi kikielea kingeweza kukutwa mchana kimekalia tope. Ndiyo maana mwaka 1715 mhandisi Thomas Steers aliwapa watu wa Liverpool bwawa la meli lenye malango, linaloshika maji ndani hata mto ukikauka nje, la kwanza la namna yake duniani kwa ajili ya biashara. Kuta zake zipo mpaka leo chini ya maduka ya Liverpool ONE, na kuna ziara za kushuka kuziona. Meli sasa ziliweza kupakua na kupakia bila kuogopa maji. Miongoni mwa meli hizo zilikuwamo za biashara ya watumwa. Kabla biashara hiyo haijapigwa marufuku mwaka 1807, meli za Liverpool zilikuwa zimewavusha Waafrika wapatao milioni 1.5, wengi wao kutoka Afrika Magharibi na ya Kati.

Nenda sasa ukasimame mbele ya Town Hall, jumba la baraza la jiji, iliyokamilika mwaka 1754, uinue macho. Kwenye ukanda wa mchongo unaoizunguka utaona vichwa vya Waafrika, tembo, simba na mamba, vimepangwa pamoja. Ni orodha ya bidhaa, imeandikwa kwa mawe na watu walioona fahari kuionyesha. Teremka kidogo barabara ya Water Street mpaka jengo la zamani la Martins Bank, la mwaka 1932. Hapo mlangoni mchongaji Herbert Tyson Smith ameuonyesha mji wa Liverpool kama mungu wa bahari, na pembeni yake watoto wawili wa Kiafrika wenye mifuko ya fedha. Miaka 125 ilikuwa imepita tangu marufuku, na bado benki iliona huo ndio urembo wa kuwakaribishia wateja. Jambo hili linaniuma zaidi nikikumbuka kwamba mikono hiyo hiyo ya Tyson Smith ndiyo iliyochonga kumbukumbu ya waliokufa vitani, iliyozinduliwa mwaka 1930 mbele ya St George's Hall, ambamo akina mama na watoto wanaomboleza kwa uzito unaomfanya mtu avue kofia. Alijua kuchonga huzuni. Swali ni huzuni ya nani.

Nyuma ya Town Hall upo mnara wa Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, wa mwaka 1813, na chini yake wamekaa wanaume wanne wenye minyororo. Maelezo rasmi husema ni mateka, ishara ya ushindi wake wa baharini mara nne. Sawa. Lakini minyororo ile iliwekwa katikati ya uwanja wa wafanyabiashara wa bandari ya watumwa, miaka sita tu baada ya marufuku, na sioni vipi mtu mweusi ataitazama asifikirie hayo.

Wapo wanaotaka michongo ya namna hii ing'olewe. Mimi nasema ibaki, tena isafishwe ionekane vizuri, na kila mmoja uwekewe maelezo yasiyopindapinda ukutani hapo hapo. Ukiing'oa, utajiri unabaki na ushahidi unaondoka. Eric Lynch, Mliverpool mweusi, alilijua hilo kabla ya wengi wetu. Kwa miaka mingi aliwatembeza watu mitaani kwa miguu akiwaonyesha majengo na majina ya barabara, akiwaeleza fedha zilitoka wapi. Alifariki mwaka 2021, na baadaye jiji likaanza kuweka vibao vya historia hiyo vyenye jina lake. Naona ni kazi nzuri iliyochelewa.

Sisi tunacho kipimo cha kulinganishia. Pale Mkunazini, Zanzibar, ulipokuwa mnada wa watumwa, kuna kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998: watu wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, nawe unalazimika kuinamisha kichwa kuwatazama. Wao ndio habari yenyewe. Liverpool watu kama hao wamewekwa kuwa nakshi ya habari ya mtu mwingine. Aliyeiona ile ya Zanzibar ataisoma Water Street kwa haraka kuliko mtalii yeyote.

Sanamu za Beatles pale Pier Head, kando ya mto, za mwaka 2015, hazinivutii. Ni kubwa, zinapigwa picha, basi. Superlambanana, yule nusu kondoo nusu ndizi wa rangi ya manjano aliyebuniwa na Mjapani Taro Chiezo mwaka 1998, anawafurahisha watoto nami sina ugomvi naye. Karibu na hapo Pier Head, hata hivyo, kuna nguzo ya mwaka 1916 ambayo wengi huipita. Ni kumbukumbu ya mafundi wa chumba cha injini cha Titanic, kazi ya William Goscombe John. Wamechongwa wakiwa kazini, wahandisi na watia makaa, mmoja kifua wazi. Hakuna jemadari wala farasi. Mawe yake yana makovu ya mabomu ya Vita vya Pili. Kama ningepewa kuchagua sanamu moja ya kunakiliwa kwenye bandari zetu, kwa ajili ya makuli na mabaharia, ningechagua hiyo.

Kisha panda treni kwenda kaskazini, mpaka Crosby. Njiani unapita upande wa magati ya zamani, na hapo ndipo Everton, wale waliocheza na Gor Mahia jijini Dar es Salaam mwaka 2017, walipohamishia uwanja wao mwaka 2025. Ujenzi wa upande huo ulichangia UNESCO kuufuta mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021. Mimi sikusikitika sana. Gati lisilotia meli likijaa watu limepata kazi.

Ufuko wa Crosby una wanaume 100 wa chuma, waliotokana na umbo la mwili wa msanii Antony Gormley mwenyewe. Kila mmoja ana uzito wa kilo 650 hivi, wametawanyika kiasi cha kilomita 3, wote wanatazama baharini. Walifika mwaka 2005 baada ya kusimama Ujerumani, Norway na Ubelgiji, na ilikuwa waondoke; watu wa hapo walibishana sana, na mwaka 2007 kibali cha kubaki kikatoka. Hawana jukwaa. Miguu yao iko mchangani, wengine wamezama hadi magotini. Maji yakijaa yanawafunika mmoja baada ya mwingine, yakipwa wanatokeza na mwani mabegani, na walio mbali wamegandwa na makombe kama mkuku wa jahazi lisilokwanguliwa. Watu huwavisha skafu na jezi, na sioni ubaya. Sanamu inayoguswa imekubaliwa. Jina halikuandikwa kifuani mwa yeyote, kwa hiyo unaweza kuwaona kama wahamiaji waliopanda meli hapo kwenda Marekani, au kama baharia wa kwenu aliyeondoka asirudi. Mzee wa Lamu angesimama nao pale bila kuuliza maana.

Shuka Waterloo, au Blundellsands and Crosby. Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka, maana bahari ile hurudi kwa kasi. Usifuate sanamu za mbali: tope ni laini, na watu wamewahi kukwama wakaokolewa. Za karibu zinatosha. Fika maji yakianza kupwa, vaa viatu vya kuchafuka, na chukua koti hata kama ni Julai.