Begi hili umelipakia mwenyewe?

Kuna swali moja la kaunta ya ndege ambalo sijawahi kulijibu kwa ukweli mtupu: "Begi hili umelipakia mwenyewe?" Najibu ndiyo, kwa uso mkavu, huku nikijua kwamba chini kabisa yuko papa mkavu wa Bi Mkubwa, juu yake kuna kanga doti tatu za jirani, na kwenye kona kuna kifurushi kilicholetwa saa nne usiku na kijana wa bodaboda, kimezungushwa solotepu hadi huoni karatasi.

Siku hizi nasoma sana ushauri wa kusafiri na mzigo mwepesi. Viringisha nguo badala ya kuzikunja. Vaa viatu vizito, vyepesi viingie begini. Chagua rangi mbili zinazopatana. Ushauri mzuri sana, ila umeandikwa na watu wasio na mashangazi.

Mimi kwa nafsi yangu si mtu wa mizigo. Wiki mbili nazimaliza kwa suruali mbili, mashati manne, ndala na kikoi. Kikoi hasa. Ukioga ni taulo, ukilala ni shuka, ukikikunja ni mto, na ndani ya ndege ndicho kinachoniokoa na ule upepo wa baridi wanaotupulizia utosini kama tuko kwenye jokofu la samaki. Vyote hivyo vinaenea kwenye mkoba wa mgongoni ambao haufiki kilo sita. Begi la magurudumu niliachana nalo siku nilipolipima likiwa tupu: kilo 2.8. Mashirika mengi yanakupa kilo 7 za mkononi, kwa hiyo karibu nusu ya haki yako inakwisha kwa kubeba magurudumu na mpini.

Tena hizo kilo 7 ndizo zimezaa ule msongamano wa mlangoni. Zamani begi lilikwenda chini bila maneno. Mwaka 2008 mashirika makubwa ya Marekani yakaanza kulitoza hata begi la kwanza, na wengi duniani wakaona kumbe hapo pana hela. Tangu hapo kila abiria anataka kuingia na nyumba yake mkononi. Ndiyo maana watu wanajipanga nusu saa kabla hawajaitwa. Kiti hakigombewi, kina namba yake. Kinachogombewa ni nafasi ya begi juu ya kiti. Mwenye mkoba mdogo unaoingia chini ya kiti cha mbele anabaki amekaa, anakunywa chai yake, anapanda wa mwisho. Raha hiyo peke yake inatosha kunifanya niache shati la tano nyumbani.

Lakini turudi kwenye mizigo ya watu, na tuanze na achari.

Mwaka juzi nilikwenda Muscat kumwona mama mdogo, ambaye yuko huko miaka mingi na bado anasema achari ya dukani haina ladha. Bi Mkubwa akanipa chupa moja ya achari ya embe, akanikataza kuiweka kwenye begi la chini: "Itavunjika mwanangu, ishike mkononi." Kwenye ukaguzi wa kwanza ikapita. Mashine ikaiona, kijana akaiona, hakuna aliyesema neno. Tukaenda kubadilisha ndege, tukakaguliwa upya, na hapo chupa ile ile ikawa hatari. Ofisa akaigeuza juu chini, mafuta yakatembea polepole, akasema ni kimiminika. Nikamwambia si kimiminika, ni chakula. Akaniuliza, kikiinamishwa kinatembea au hakitembei? Nikanyamaza. Kinatembea. Akaitupa kwenye pipa, na ule mlio wa chupa kugonga chupa nyingine ukaniambia kwamba sikuwa mpwa wa kwanza siku ile.

Sheria yenyewe naielewa. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walikamata watu waliopanga kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vya kufichwa kwenye chupa za vinywaji, na mwaka huo huo ndipo tulipopewa kipimo cha mililita 100. Kinachoniudhi ni kwamba chupa moja, siku moja, ni salama huku na ni hatari kule. Viatu vivyo hivyo. Mtu mmoja alijaribu kulipua ndege ya Paris kwenda Miami kwa viatu vyake Desemba 2001, na dunia ikaanza kutembea kwa soksi. Marekani wenyewe waliiacha amri hiyo Julai 2025. Huku kwetu ungali unavua, unafungua mkanda, unashika suruali kwa mkono mmoja na trei kwa mwingine, nyuma yako kuna mzee wa watu anahangaika na kamba za viatu na hakuna hata stuli ya kukalia. Stuli tu! Si mashine ya mabilioni.

Sasa, kuhusu vile vifurushi. Niliacha kubeba kitu nisichokiona siku nilipoitwa jina kwenye spika, nikapelekwa chumba cha nyuma, nikaambiwa nifungue begi langu. Ndani ya zawadi ya mtoto wa mtu mlikuwa na pawabenki. Betri za namna hiyo haziruhusiwi kwenye begi la chini, kwa sababu zikishika moto kwenye shehena hakuna aliye karibu wa kuzidhibiti. Kabini angalau wahudumu wanaona moshi. Wewe uliyenituma hukujua, najua. Lakini aliyekuwa anatoka jasho ni mimi. Tangu hapo solotepu inafunguliwa sebuleni kwangu, mbele ya macho yangu, na anayenuna anune.

Hata hivyo siwezi kuwaambia watu wangu nasafiri mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi, na mama mdogo hatanilaumu, atanyamaza tu, jambo ambalo ni baya zaidi. Kwa hiyo nimegawa: mkoba wa mgongoni ni wangu, hauguswi hata na kijiti cha mdalasini. Kilo 23 za chini ni za ukoo. Wagawane, wagombane, wapimiane wenyewe. Mimi nawaletea mizani tu.

Mpango huu unafanya kazi vizuri wakati wa kwenda. Kurudi ndiko kwenye matatizo. Usiku wa mwisho kule Muscat begi lilikuwa limeshafika kilo 22 na ushei, zipu inalia, mama mdogo akatokea jikoni na bakuli tatu za halua zimefungwa kwenye mfuko. Nikamwonyesha mizani. Akanyanyua mfuko kwa kidole kimoja, akaushusha.

"Mbona nyepesi hii, mwanangu."

Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilitoa ndala, suruali moja na mashati mawili, nikaviacha kwake. Nasikia mashati anayavaa mtoto wake, na zile ndala ziko mlango wa uani, zinasubiri nirudi na achari.