Mbwa wa "Mbegu Inayotambulika"

Kamati ya mtaa wetu imebandika tangazo langoni, lina muhuri utadhani limetoka Ikulu. Kuanzia mwezi ujao mkazi ataruhusiwa kufuga "mbwa wa mbegu inayotambulika" pekee, na wa kienyeji waondolewe. Sababu: usalama, pamoja na hadhi ya mtaa.

Hadhi! Mtaa huu huu ambao maji ya bomba yakitoka watu wanapigiana simu kupashana habari.

Mimi nina Bosco. Nilimchukua KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama hapa Kenya, ameshachanjwa na kuhasiwa, sikio moja limesimama na lingine limelala, rangi yake hakuna fundi wa rangi angekubali kuichanganya. Kila nikitoka naye lazima mtu aniulize ni mbegu gani. Jirani mmoja nilimjibu kwamba ni Kiambu Terrier. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaniuliza nilimnunua pesa ngapi.

Hoja ya usalama haihitaji muda mrefu. Kichaa cha mbwa kinazuiwa kwa chanjo, basi. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya ugonjwa huo kufikia mwaka 2030, na njia yenyewe ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Wote, wa kizungu na wa jalalani. Kamati ingetaka usalama ingedai kadi za chanjo, na ninashuku kuna majumba yenye kibao cha "Mbwa Kali" ambayo hayangekuwa na kadi ya kuonyesha.

Linalonichoma ni hilo neno "inayotambulika". Na nani?

Kuna mbwa anaitwa Basenji. Ukiona picha yake utaapa ilipigwa nyuma ya kibanda cha mboga hapo Kangemi, Nairobi: mwembamba, masikio juu, mkia umejiviringa mgongoni. Ni mbwa wa vijiji vya msitu wa Kongo. Wenyeji wamewinda naye vizazi na vizazi, wakimfunga njuga ya mti shingoni kwa sababu habweki ovyo na ndani ya msitu mzito ungempoteza. Waingereza walijaribu kumhamishia kwao mwishoni mwa karne ya 19, wale wa kwanza wakafa. Katika miaka ya 1930 wakafanikiwa, na mwaka 1937 Basenji akaonyeshwa Crufts, yale maonyesho makubwa ya mbwa kule Uingereza. Miaka ya 1940 Wamarekani nao wakamwandika kwenye daftari lao la mbegu. Mbwa ni yule yule, pua ni ile ile, mkia ni ule ule. Alipokuwa akilala jikoni kwa mwanakijiji alikuwa koko. Alipopanda meli akawa ukoo.

Na hadithi haiishii hapo. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno, na daftari likishafungwa damu mpya haiingii, kwa hiyo waliendelea kuzalishwa wao kwa wao. Ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukatapakaa: sukari na virutubisho vinatoka na mkojo, mbwa anakunywa maji bila kukoma huku akikonda. Unajua walikwenda kutafuta ukombozi wapi? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walifunga safari hadi kaskazini-mashariki mwa Zaire ya wakati ule, Kongo ya leo, wakazunguka vijijini kuwaomba wenyewe mbwa. Mbwa wasio na karatasi hata moja! Mwaka 1990 American Kennel Club, chama chenye lile daftari la Wamarekani, ikalifungua ili wageni hao waingie. Yaani mbegu inayotambulika ilipoanza kuoza, aliyeitwa kuiokoa alikuwa mbwa wa kienyeji. Huyo huyo ambaye kamati yetu inataka "aondolewe".

Mwenyekiti wetu, kwa taarifa yenu, anafuga Ridgeback, wale wenye mstari wa nywele zinazoelekea kinyume mgongoni. Mbwa mzuri sana, simsemi vibaya, hana kosa. Lakini ule mstari ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, kabla walowezi hawajachanganya na wa kwao na kukaa chini Bulawayo mwaka 1922 kuandika sifa za "mbegu" hiyo. Nitamkumbusha mwenyekiti siku ya mkutano. Kwa adabu, au pengine bila.

Tena tuulizane, hao wa mbegu mnaonunua hapa mjini wametambuliwa na nani? East Africa Kennel Club ipo na inasajili mbwa. Muulize muuzaji wa mtandaoni akuonyeshe usajili wa wazazi uone atakavyoanza kuzungumzia bei. Kinachouzwa mara nyingi ni rangi. Akiwa na mgongo mweusi na miguu ya kahawia, tayari ni German Shepherd. Nyuma ya nyumba ya huyo muuzaji kuna jike kwenye kizimba, anabebeshwa mimba kila anapoingia joto la kutaka dume, hajawahi kukanyaga nyasi. Wanawe wanatolewa kwenye ziwa mapema, wanabebwa kwenye katoni, na siku chache baadaye mnunuzi yuko kwa daktari wa mifugo na mtoto mwenye parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, analia pesa zake. Jike analiliwa na nani?

Haya, shingo upande, nakubali yapo mambo ambayo mbegu inasaidia. Bloodhound wanaofuatilia nyayo za majangili huko Maasai Mara hawakuchaguliwa kwa sura. Anayetaka mbwa wa kazi maalumu ana haki ya kutaka kujua baba na mama. Mbwa wa kuokolewa anakuja na mambo yake ambayo hakuna wa kukusimulia. Bosco mpaka leo akiona fagio anajibana chini ya gari, na si kila nyumba yenye watoto wadogo ina subira ya kuishi na hofu za namna hiyo. Watu wa KSPCA wenyewe watakuhoji kabla ya kukukabidhi mbwa, na wanafanya vyema.

Na sisi wa mbwa wa kuokolewa nasi tunachosha. Kuna wale ambao hawawezi kumaliza sentensi mbili bila kukwambia "nilimwokoa". Umepata mbwa kwa bei ya chanjo na upasuaji, mwenzangu, hujatoa figo.

Rafiki yangu wa karibu ameyasikia haya yote na bado anataka Japanese Spitz, mweupe, wa kupiga naye picha. Sikumnunia. Nimemwambia Jumamosi nitamsindikiza kwa muuzaji, ila hatutazungumza bei hadi tumwone mama wa hao watoto, anapolala, na kadi yake ya chanjo. Jana muuzaji ameandika kwamba mama "yuko shamba" na kwamba mtoto anaweza kuletwa kwa bodaboda. Rafiki yangu amenitumia huo ujumbe bila neno lolote, kisha akaniuliza KSPCA wanafungua saa ngapi.