Tangazo Likidanganya, Nani Aulizwe?

Kwenye vibanda vya mawakala wa fedha jijini Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, kuna maoni mawili kuhusu teknolojia yanayosikika karibu kila siku, na mara nyingi hutoka kinywani mwa mtu mmoja. La kwanza ni kwamba serikali haiwezi mambo ya mitandao: mfumo wake uko chini saa ile unapouhitaji, na huduma ya watu binafsi ikishika kasi inatwishwa tozo. La pili ni kwamba serikali imelala, imewaacha wenye majukwaa makubwa ya mtandaoni, kama Facebook, wajaze simu za wananchi matangazo ya utapeli, na ilipaswa iwe imeshaingilia kati zamani. Wapo wanaouita huu ukigeugeu. Mimi siuoni, kwa sababu lawama ya kwanza inahusu nani aendeshe huduma, na ya pili inahusu nani ajibu pale huduma hiyo inapomuumiza mtu. Maswali haya mawili yakichanganywa, ubishi wa "serikali au watu binafsi" hauishi, na hakuna mahali yanapochanganywa zaidi kuliko kwenye matangazo ya kulipia mtandaoni.

Tuanze na faida, maana ni kubwa kuliko wakosoaji wanavyokubali. Mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, zamani alimtegemea dalali ili kumfikia mnunuzi wa mbali, na dalali ndiye aliyejua bei ya pande zote mbili. Leo anawapiga picha dagaa wake wakiwa juu ya vichanja, anaonyesha kwa karibu kwamba hawana mchanga (jambo linalobadilisha bei, kwa kuwa wale waliokaushwa chini huuzwa kwa bei ndogo), anaweka namba yake ya WhatsApp, kisha anamwomba kijana mwenye kadi ya mtandaoni amlipie tangazo hilo kwenye Facebook au Instagram. Anachagua lionekane Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, kwa watu wa umri fulani, kwa siku kadhaa. Kiasi anachotoa ni kidogo mno ukilinganisha na tangazo la gazeti au redio, na hakuna ofisi aliyokwenda kuomba kibali. Huduma hii haikubuniwa na wizara yoyote, wala sidhani kama kuna wizara ambayo ingeweza kuibuni.

Kinachoifanya iwe rahisi ni mnada. Mtu anapofungua ukurasa, ndani ya muda usiofika sekunde moja kompyuta hushindanisha watangazaji wanaomtaka mtu wa aina yake, na yule ambaye fedha aliyoahidi, ikipimwa pamoja na makisio ya kubonyezwa kwa tangazo lake, inawapita wengine, ndiye anayepewa nafasi. Bidhaa inayouzwa kwenye mnada huo ni nafasi mbele ya macho ya msomaji, na kinachoipa bei ni habari kumhusu: yuko wapi, ametazama nini juzi, ana hali gani ya maisha. Mnada wenyewe hauulizi kama mtangazaji ni mkweli. Ukaguzi upo, lakini kwa sehemu kubwa hufanywa na mashine, na tangazo la Kiswahili lenye maneno ya mtaani si rahisi kukaguliwa na mashine iliyofunzwa zaidi kwa Kiingereza.

Kwa hiyo mlango ule ule unaomwingiza mama wa dagaa unamwingiza pia mwenye programu ya mikopo asiye na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila kibali. Programu za namna hiyo husambaa kwa matangazo: mkopo ndani ya dakika chache, bila dhamana, bila kufika ofisini. Mkopaji anapoipakua, anaombwa airuhusu kusoma orodha ya majina kwenye simu, naye anabonyeza kukubali kwa sababu bila hivyo haiendelei. Siku ya kulipa ikipita, meseji haziji kwake peke yake. Zinakwenda kwa mwajiri, kwa mwenyekiti wa kikoba, kwa shemeji aliyepo Geita ambaye hawajaongea mwaka mzima, zikieleza kwamba fulani ni mdaiwa sugu na kwamba wao ndio wadhamini wake. Deni lenyewe laweza kuwa la shilingi elfu hamsini. Aibu yake haihesabiki kwa shilingi.

Benki Kuu ilimfuata mkopeshaji, na ilifanya vyema. Sijasikia kwamba aliyelipwa kulionyesha tangazo aliulizwa, wala kwamba fedha aliyopokea ilirudishwa.

Hoja ya wanaotaka serikali ikae mbali isipuuzwe hata hivyo, kwani ina historia ya karibuni nyuma yake. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, watu wengi walikuwa wakituma fedha nyumbani kwa kumkabidhi dereva au kondakta wa basi na kuomba Mungu. Kampuni binafsi, kwa kushindana, zilifanya ndani ya miaka michache kile ambacho benki hazikukifanya kwa miongo. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, ambayo mwanzoni ilifika shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa. Watu wakarudi kwenye fedha taslimu, mawakala wakapoteza kamisheni, serikali ikaipunguza tozo hiyo mara kadhaa, na mwaka 2023 ikaiondoa kwenye kutuma fedha. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kukunja uso anaposikia pendekezo kwamba serikali isimamie matangazo.

Upande wa pili nao una lake, ingawa nitalisema kwa ufupi. Mkongo wa Taifa unaobeba intaneti ulijengwa kwa fedha za umma. Mnara wa simu kwenye kisiwa cha Ukerewe chenye wavuvi wanaohamahama haumlipi mwekezaji, ndiyo maana kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaotoa ruzuku ili kampuni zikubali kwenda huko. Na ile kontroo namba, yaani namba ya kulipia huduma za serikali kwa simu au benki, ambayo watu huilalamikia mtandao unapokwama ndiyo iliyomwondoa karani kwenye fedha za serikali. Anayedai kwamba watu binafsi wamefanya yote peke yao hajauliza simu yake inapata mawasiliano kwa njia gani.

Wakazi wa Mwanza wana mfano wa karibu kuliko hiyo yote. Kwa miaka mingi Ghuba ya Mwanza ilivukwa kwa vivuko vya aina mbili: cha Kamanga, kinachoendeshwa na kampuni binafsi kutoka katikati ya jiji, na cha Kigongo–Busisi, kilichoendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali, mpaka daraja la kilomita tatu lilipofunguliwa Juni 2025. Abiria alichagua kwa kuangalia foleni, nauli na anakokwenda, wala hakujali sana mmiliki ni nani. Alichotaka kote kuwili ni kwamba kuwe na mtu wa kuhesabu abiria na kukagua maboya. MV Nyerere, kivuko cha serikali, kilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Umiliki wa umma haukuwa kinga. Vivyo hivyo hakuna aliyewahi kusema kwamba kumkagua mwenye kivuko binafsi ni kumwingilia biashara yake. Lakini mwenye jukwaa la matangazo, anayebeba watu wengi kuliko vivuko vyote vya ziwa hili, tunamkagua kwa aibu aibu, kama mgeni asiyepaswa kuulizwa maswali.

Jambo linaloniudhi zaidi, na hapa naegemea upande mmoja waziwazi, ni kwamba sheria zetu zimemshika aliye karibu na kumwacha aliye mbali. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 ya maombi na shilingi 1,000,000 ya leseni, achilia mbali ada ya kila mwaka. Kijana wa Nyegezi aliyeandika habari za mpira na kupata senti chache za matangazo akafunga. Kanuni zilirekebishwa mwaka 2020 na tena 2022, na mzigo ukapungua, lakini mwelekeo ni ule ule: anayesema ndiye anayeandikishwa, wakati anayeuza nafasi ya kusema, kwa fedha nyingi, hana dirisha la malalamiko ambalo mtu wa Sengerema anaweza kulifikia kwa Kiswahili na akajibiwa.

Huambiwa kwamba kampuni hizo ziko ng'ambo, hivyo mkono wetu haufiki. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kabla ya Julai 2022. Tangu wakati huo sheria ya fedha inawataka watoa huduma za kielektroniki wasio wakazi walipe asilimia 2 ya mapato yao ya hapa, mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Nchi inayojua kiasi ambacho kampuni imeingiza kutokana na matangazo haiwezi kusema haijui imwandikie nani barua tangazo likidanganya. Wala hatuhitaji kosa jipya: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa moja kwa moja programu zinazokomba majina kwenye simu. Kinachokosekana ni wajibu wa jukwaa kumtambua mtangazaji kabla ya kupokea fedha yake, kuhifadhi tangazo mahali ambapo yeyote anaweza kuliona, na kurudisha mapato ya tangazo lililothibitika kuwa la utapeli.

Hilo la kuhifadhi si ndoto. Katika Umoja wa Ulaya, majukwaa makubwa yamelazimika tangu Agosti 2023 kuweka wazi kumbukumbu za matangazo yote, zikionyesha nani amelipa na nani walilengwa, na kuziacha hapo mwaka mzima baada ya tangazo kukoma. Teknolojia ipo tayari, ila sisi hatujaidai. Inawezekana Tanzania peke yake ni soko dogo la kutisha mtu. Lakini nchi tatu zinazolizunguka ziwa hili zilikubaliana tangu 1994 kusimamia uvuvi pamoja kupitia LVFO, yaani Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, Uganda, na matapeli wa mtandaoni wanavuka mipaka hiyo hiyo kwa urahisi kuliko sangara.

Inabaki hofu moja ambayo siwezi kuiondoa kwa maneno matamu: chombo kitakachopewa nguvu ya kuamuru tangazo la mkopo liondolewe kesho kinaweza kuamuru andiko la mkosoaji liondolewe keshokutwa. Kanuni za 2018 zinaipa hofu hiyo sababu. Ndiyo maana nguvu hiyo ikitolewa, iishie kwenye maudhui yaliyolipiwa ili yasambazwe na yanayouza bidhaa au huduma, amri itolewe kwa maandishi yenye sababu, na aliyeamriwa aweze kwenda mahakamani. Mpaka huo uandikwe ndani ya sheria yenyewe, wala usiachwe kwenye kanuni ambazo waziri anaweza kuzibadilisha. Usipoandikwa humo, nitakuwa upande wa wanaopinga, na nitaendelea kuwashauri ndugu zangu wasibonyeze matangazo ya mikopo.