Ng'ombe asiuzwe kwanza

Jirani yangu hapa Pasua, Moshi, alinigongea jioni, simu mkononi. Mwanawe ana miaka saba na ana mtindio wa ubongo kama Eliya wangu. "Mama Eliya, hebu ona. Mtoto anasimamishwa juu ya mashine inayotetemeka, misuli inalegea! Nikamuuze yule ng'ombe?"

Nikamwambia asubiri. Mashine yenyewe si uongo. Mtoto husimama, au hushikiliwa asimame, juu ya kibao kinachocheza kama mara 12 hadi 20 kwa sekunde, na misuli inaitikia yenyewe bila kuamrishwa. Zipo tafiti zinazoonyesha kwamba misuli iliyokakamaa hulegea kwa muda. Nyingine zinaashiria mifupa ya miguu kupata nguvu, na hilo si dogo, maana mfupa usiobeba uzito hudhoofu. Ila nyingi zimepima watoto wachache, na ubongo ulioumia haurudishwi na kibao.

Mimi nimeng'ang'ania hapo kwenye "kwa muda". Misuli ikishalegea, nani anaitumia nafasi hiyo?

Kisigino cha kushoto cha Eliya hakigusi sakafu. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kukipakata kwenye kiganja, unyayo umelala kwenye kigasha changu, goti limenyooka, kisha nisukume taratibu nikihesabu hadi thelathini. Ukienda kwa pupa mguu unakugomea. Ukitulia, mahali fulani kwenye ishirini na kitu unausikia unakubali. Hapo ndipo anasimama kwenye ukingo wa kitanda, akanyage. Mashine ingenipa mguu uliokubali mapema, lakini kukanyaga lazima afundishwe.

Na ujuzi Moshi upo. Hospitali ya KCMC ipo, na palepale chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Kinachotushinda ni kufika. Umebeba mtoto wa miaka saba mgongoni, Hiace imejaa, konda anakwambia "mama, subiri inayofuata." Ukikosa kliniki miezi miwili, kisigino kimerudi juu. Anayetaka kutuchangia mashine, mimi ningemwomba nauli kwanza.

Halafu kuna wajanja. Muuzaji mmoja mjini alitaka kuniuzia kibao cha kupunguza tumbo, eti "ni kilekile tu." Si kilekile! Eliya ana kifafa, kama walivyo wengi wa watoto hawa, na wengine mifupa yao huvunjika kirahisi. Mtoto hapandishwi kwenye mtetemo wowote kabla daktari hajamwona.

Ng'ombe bado yuko bandani. Pesa ya maziwa ya Jumatatu sasa ndiyo bajaji ya Jumanne, tunapanda wanne, watoto mapajani. Siku kliniki ikileta mashine pamoja na mtu wa kuisimamia, mtatukuta kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi.