Asidi au alkali, moyo unaumizwa na ipi?

Juzi jioni pale Mkunguni mbele ya ngome, Lamu, watu wanakunywa kahawa tungu ubishi ukazuka. Mmoja anasema ndimu na ukwaju vinatia asidi kwenye damu na moyo unachoka, ndo maana yeye kila asubuhi anakoroga kijiko cha baking soda kwenye maji anakunywa. Mwengine akamwambia wacha hayo, kula utakacho mwili unajua kazi yake. Mimi naona wote wawili wameshika kipande cha ukweli, ila mmoja wao anajiumiza.

Kwamba asidi inaulegeza moyo hilo ni kweli kabisa, na halikuanza leo. Mwaka 1880 Walter Gaskell wa Uingereza aliupitishia moyo wa chura maji yenye asidi kidogo, ukazidi kulegea mpaka ukasimama hivohivo umelegea. Akajaribu maji ya alkali, yaani kinyume cha asidi, kama ya baking soda, ukakaza ukasimama umejikunja kama ngumi. Siku hizi sababu inajulikana, msuli wa moyo unajikunja pale kalsiamu inapoishika protini inaitwa troponini, sasa asidi ikizidi haidrojeni, ile chembe inayoifanya asidi iwe asidi, inagombania pale pale, kalsiamu ipo lakini haishiki sawasawa. Na kile kifundo kidogo kwenye chumba cha juu kulia, chenye kutoa mdundo wa moyo, nacho asidi inakipunguza mwendo. Lakini binadamu mzima si moyo wa chura mezani, damu ikichachuka mwili unamwaga adrenalini kwa hivo mgonjwa mwanzo utakuta moyo unamwenda mbio, unakuja kushuka hali ikishakuwa mbaya sana, na ule mwendo wa mbio wa mwanzo ndio huwadanganya watu wakidhani ni wasiwasi tu.

Ila hiyo ni asidi ya damu, si ya ndimu! pH, kile kipimo cha asidi ambacho kikishuka ndio asidi imezidi, kwenye damu inakaa kati ya 7.35 na 7.45, ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1 haidrojeni imeshakuwa maradufu. Glasi ya ukwaju haikufikishi huko, mapafu yanatoa kaboni dayoksaidi kila ukipumua na figo zinaitoa asidi nyengine kwa mkojo. Wanaofika huko ni mwenye kisukari aliyekosa insulini, mwenye figo zilizokufa, mwenye maambukizi makali. Kwa hivo yule wa "kula utakacho" naye asijiamini sana, ukimuona mzee wa kisukari anahema kwa nguvu na hajapanda hata ngazi, usingoje asubuhi, tafuta boti umpeleke hospitali.

Upande wa alkali ndio watu hawauogopi, na mimi ndio unaonitia hofu. Damu ikienda huko potasiamu inashuka, kalsiamu iliyo huru inapungua, mapigo yanaanza kurukaruka. Na baking soda imejaa sodiamu, mwenye presha anaongeza kuni kwenye moto.

Hata madaktari wenyewe imewasumbua. Zamani moyo ukisimama mgonjwa alipigwa sindano ya bikaboneti, ndiyo hiyohiyo baking soda, kama kawaida, mpaka miongozo ya Marekani ya 1986 ikasema isiwe ya kila mgonjwa, manake bikaboneti ikikutana na asidi inazaa kaboni dayoksaidi, hiyo inapenya ndani ya seli za moyo na kuzichachusha zaidi wakati damu kwa nje inaonekana iko poa. Halafu 2018 ukatoka utafiti wa Ufaransa, wagonjwa mahututi 389 wenye pH 7.20 au chini, kwa jumla vifo havikutofautiana sana lakini waliokuwa na figo zilizoumia vibaya walifaidika. Yaani dawa ipo, ina mtu wake na kipimo chake, na damu inapimwa kwanza.

Yule bwana wa kijiko nilimfuata pembeni nikamuuliza anatumia dawa gani. Kumbe anameza vidonge vya presha vya kukojoza, na vile navyo huitoa potasiamu. Nimemuomba kesho asubuhi asikoroge kitu, aende kliniki kwanza akapimwe.