Namba kavu kwenye msimbo wa programu: ipi ipewe jina, ipi iachwe

Kuna ushauri kila anayejifunza programu anapewa mapema, kwamba namba isikae kavu kwenye msimbo, yaani bila jina, ipe jina, iwe konstanti (thamani yenye jina, inayoandikwa sehemu moja). Mi nakubali nusu tu.

Hapa Arusha nilikabidhiwa programu ya kampuni moja inayopandisha wageni Kilimanjaro, ile inayopiga hesabu za kwotesheni. Ndani 20 imetapakaa kila kona. Kuna 20 ambayo ni dola za ada ya uokoaji kwa kila mpandaji, na kuna 20 ambayo ni kilo, mzigo wa mpagazi usizidi hapo. Sasa mtu alitaka kujaribu ada ya 25, akatafuta 20 zote akabadili kwa mkupuo, mfumo ukaanza kuwapangia wapagazi kilo 25 jamani, kwenye miinuko ya Machame, moja ya njia za kupanda mlima! Bahati tuliliona kabla ya safari. Hapo ADA_YA_UOKOAJI na KILO_ZA_MPAGAZI sio urembo, ni usalama wa mgongo wa mtu. Na VAT ni vilevile, ilikuwa 20% ikashuka 18% mwaka 2009, kiwango kama hicho lazima kikae sehemu moja chenye jina.

Ila baada ya hofu ile tukapitiliza. Mmoja akaandika ISHIRINI = 20 halafu akaitumia kwenye ada na kwenye kilo pia, yaani kosa ni lilelile, limevalishwa jina tu, na afadhali hata ile kavu kwa sababu sasa vitu viwili visivyohusiana vimefungwa kamba moja, na siku ISHIRINI ikiwa 25 jina lenyewe linakudanganya. Zikaja SITINI, MIA, SIFURI. Kugeuza selisiasi kwenda farenhaiti unazidisha kwa 9, unagawa kwa 5, unajumlisha 32, anayeijua hiyo fomula anaitambua hapohapo, ukimwekea KIZIDISHO, KIGAWANYO na NYONGEZA zilizoko faili lingine unamlazimisha afungue mafaili mawili asome kitu alichokuwa anakijua.

Kwa hiyo siku hizi nikikutana na namba najiuliza, hii ikibadilika, na zile zinazofanana nayo zitabadilika? Zikibadilika pamoja, jina moja. Kama kila moja ina sababu yake, majina mawili hata kama thamani ni ileile. 60 ya dakika za saa moja naiacha kavu, haibadiliki. Na ile inayotumika mara moja tu, mfano siku 7 za Machame, naipa jina ila naiweka juu ya fankshoni yake (kipande cha programu kinachoitumia) palepale, sio kwenye lile faili la konstanti la mistari mia tatu ambalo hakuna anayelifungua.